Daftari la Saa Tisa Usiku

Juni, Tandala. Sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa kwa hasira.
Malori mawili yanangoja mzigo,
nasi wapakiaji tunangoja mabosi waamke wapatane bei.
Taa inayowaka ni moja tu: banda la Tweve.

Mpira wetu ulikuwa umekatwa.
King'amuzi kimeandika: lipia kifurushi.
Tweve akabonyeza, akabonyeza,
akaangukia chaneli ya ofa, ambayo hakuna aliyeiomba:
wanaume wenye mapengo wanateleza juu ya barafu,
wamevaa kama waliojifunga magodoro,
magongo mkononi,
wanafukuza kitu cheusi kisichoonekana.

"Wanafukuza nini?" Mahenge akauliza.
"Kisoda," nikamjibu.
"Ugomvi wote huu, kisoda?"

Mimi ndiye mshika daftari, kwa kuwa namba zangu husomeka.
Kichwa kimoja, shilingi mia tatu.
Usiku ule niliandika: watu watatu.
Mmoja kalala.

Kamera ndiyo iliyotuponza.
Ingetuonyesha kisoda tu, tungekwenda zetu kuota moto.
Lakini ilimsogelea kipa akivua kofia ya chuma,
mvuke ukimtoka kichwani
kama unavyotutoka sisi tukishusha gunia alfajiri.
Ikaenda jukwaani kwa mama mmoja,
mama yake nadhani,
anatafuna ncha ya skafu, hatazami.
Bi Tusekile akaacha birika likafurika.
"Huyo mtoto wake," alisema, "leo asifungwe."
Alifungwa.

Kesho yake tisa. Kisha ishirini na mmoja.
Kimombo cha mtangazaji hatukukifuata,
kwa hiyo Luvanda alitangaza mwenyewe, kwa Kikinga,
akawapa wachezaji majina ya watu wanaomdai.
Ni mtoano, akatueleza,
ila mtoano wa watu wakaidi:
mpaka umzike mwenzako mara nne
ndipo akubali amekufa.

Tukagawanyika, bluu na weupe.
Mahenge alichagua weupe, tukamzomea:
nani anashabikia rangi ya sakitu
mwaka huu, na mashamba yalivyoungua?
Akasema, "Ndiyo maana. Nataka nione
mtu akiikanyaga barafu, isimfanye kitu."
Tukanyamaza kidogo.

Tatu kwa tatu. Mechi ya saba.
Niliandika sitini na wanne,
bila kuhesabu watoto wa dirishani
na dereva wa Makambako aliyekataa kulipa
lakini akashangilia kuliko wote.
Malori yalibaki matupu. Bosi alipiga honi mpaka ikakauka.

Dakika zimebaki chache, kipa kapiga magoti,
kamera inamfuata mama, inamkaribia, inamkaribia,
na skrini ikawa bluu:
ofa yako imekwisha.

Sitini na wanne tukamtazama Tweve
kama vile yeye ndiye mwenye satelaiti.

Wiki iliyofuata, tunapakia, redio ya lori ikasema
mashindano yale ya magongo yamekosa watu mwaka huu,
waliotazama wamepungua.
Mahenge akatua gunia.
"Walipita hapa lini kuhesabu?"

Nilifikiri juu ya lumbesa.
Kwenye karatasi ya mnunuzi huandikwa gunia moja,
na kile kilima kilichoshonewa juu yake,
kinachotuvunja shingo,
hakiandikwi popote.
Labda huko nako waliandika: Tandala, runinga moja.
Labda hata hiyo hawakuandika.

Daftari ninalo mpaka leo. Limelowa chai pembeni.
Baada ya sitini na wanne nimeacha mstari mtupu
wa jina la aliyeshinda.
Kila lori likipanda kutoka Njombe
Mahenge humuuliza dereva, naye hucheka, hajui magongo ni nini.

Bi Tusekile haulizi nani alishinda.
Huuliza kama yule mama alifika nyumbani salama.